Kupanda Milima ya Kigezi kwa Baiskeli Msimu wa Baridi na Mvua: Mwongozo Kamili kwa Makundi

Theluji ya Uganda haishuki kutoka Rwenzori, na kwa hiyo wengi wetu hudhani kwamba baridi si jambo la kumhangaisha mwendesha baiskeli wa nchi hii. Dhana hiyo hudumu mpaka mtu afike Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, na apande kutoka Muko kwenda msitu wa Echuya akiwa amelowa, kisha ateremke upande wa Kisoro huku upepo ukimpiga kifuani. Mji wa Kabale uko kwenye kimo kinachozidi meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto lake hushuka hadi kiasi cha nyuzi 10 za Selsiasi. Huko Kanaba, barabara inakopita kati ya vilima kabla ya kuonekana volkano ya Muhabura, kimo kinazidi meta 2,300, na kwa kawaida hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5 kila unapopanda meta 1,000. Ongeza mvua na mwendo wa kilomita 45 kwa saa, nawe utaelewa kwa nini vidole vya mtu hufa ganzi katikati ya mteremko.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makundi ya watu sita hadi kumi na wawili wanaotaka kutoka Kabale hadi Kisoro kwa siku moja, katika miezi ya mvua au ya baridi kavu. Barabara hiyo ni ya lami, na urefu wake ni kati ya kilomita 70 na 80. Kanuni inayobeba kila hatua humu ni kwamba safari ya namna hii hupangwa kwa kuanzia kwenye miteremko na vituo vya kupumzikia, na milima hufuata baadaye. Mlima huchosha, lakini anayepanda huwa na joto. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nguvu inayotokana na chakula kuwa mwendo, na inayobaki huwa joto mwilini. Ndiyo maana mtu anayepanda polepole katika manyunyu hutokwa na jasho hata akiwa na shati moja. Akifika kileleni, joto hilo hukatika papo hapo, jasho linabaki kwenye nguo, na upepo wa mteremko unaanza. Ajali na ugonjwa wa baridi hutokea katika nusu saa inayofuata, mara nyingi kwa mtu aliyekuwa hodari kuliko wote wakati wa kupanda.

Kuchagua mwezi na upande wa kuanzia

Kigezi ina misimu miwili ya mvua: wa kwanza huanzia Machi hadi Mei, wa pili Septemba hadi Novemba, na mara nyingine husogea mpaka Desemba. Juni na Julai mvua hupungua, lakini asubuhi huwa na baridi kali na ukungu hulala mabondeni mpaka saa tatu au saa nne. Kundi ambalo halijawahi kupita njia hii lianze na Juni au Julai, kwa sababu baridi kavu huvumilika na lami huwa haitelezi. Aprili na Oktoba ni za watu ambao wamekwisha kufahamiana barabarani na ambao wanajua ni nani kati yao hunyamaza anapoumia.

Katika miezi ya mvua maporomoko ya udongo hufunga barabara za milimani bila taarifa. Usiku wa kuamkia safari, mmoja wenu aende kituo cha mabasi au kwenye stendi ya bodaboda mjini Kabale na kuwauliza madereva waliotoka Kisoro siku hiyo barabara ikoje. Dereva aliyepita mchana huo anajua palipoanguka ukingo, palipo na matope na lori lililokwama, na maelezo yake ya dakika tano yana faida kubwa kuliko utabiri wa hewa wa simu, ambao milimani hukosea mara kwa mara.

Kuhusu upande wa kuanzia, napendelea Kabale, ingawa najua wapo wanaoshikilia kinyume chake. Anayeanzia Kisoro hukutana na mwinuko mkubwa mapema, akiwa bado na nguvu, lakini kisha huteremka kupitia msituni asubuhi wakati lami bado ina unyevu na jua halijaingia kati ya miti. Anayeanzia Kabale hupita Hamurwa na Muko kwanza, hupanda Echuya mwili ukiwa umepata moto, na mteremko wake mrefu wa mwisho humfikisha mjini, penye paa, chai na nguo kavu. Ubaya wa chaguo hili ni kwamba mteremko huo humkuta amechoka, na mvua za Kigezi hupenda kunyesha alasiri. Dawa yake ni kuweka saa ya mwisho: asiyekuwa amefika Muko saa sita mchana asiendelee na Echuya, bali apakie baiskeli kwenye gari. Saa hiyo itangazwe jana yake na isijadiliwe njiani, maana watu waliochoka hujadili vibaya.

Wapo watakaovutiwa na njia za udongo zinazozunguka Ziwa Bunyonyi. Zina mandhari ambayo lami haitoi, na wakati wa kiangazi ningemshauri kila mtu azipite. Wakati wa mvua ule udongo wa mfinyanzi hushika tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mtu hujikuta ameibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye.

Kupanga watu

Kosa linalofanywa na makundi mengi ni kulichukulia kundi kama kitu kimoja kinachopaswa kukaa pamoja mwanzo hadi mwisho. Katika nchi tambarare hilo lina maana, kwa sababu anayemfuata mwenzake kwa karibu katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa huokoa hata theluthi ya nguvu zake. Mlimani, kwa mwendo wa kilomita 8 au 10 kwa saa, faida hiyo karibu haipo. Kumlazimisha mwepesi apande kwa mwendo wa mzito kunamchosha mmoja na kumwaibisha mwingine, na kumsubiri wa mwisho kileleni kwenye upepo ni kuwagandisha walio wengi kwa ajili ya heshima isiyowasaidia.

Ligaweni kundi katika vikosi vya watu watatu au wanne wenye uwezo unaolingana. Kila kikosi kiwe kamili chenyewe: pampu, tyubu za akiba, vifaa, simu iliyojaa chaji, koti moja na glovu za akiba, na fedha taslimu. Wanakikosi hawaachani kwa sababu yoyote, ila vikosi vinaweza kuachana kwa kilomita kadhaa bila madhara. Mahali pa kukutania ni chini ya paa tu: baraza la duka, hoteli ya chakula, kituo cha mafuta. Panga vituo hivyo kabla ya safari kwa kutazama ramani na kuuliza wenyeji, na vyema kimoja kiwe Hamurwa na kingine Muko. Kikosi cha mwisho kiongozwe na mtu mtulivu anayejua ufundi, kwa kuwa matatizo yote hatimaye humfikia yeye.

Kubalianeni pia juu ya maneno ya barabarani. Kundi la Uganda linaweza kuwa na Mganda, Mkiga, Mfumbira na mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na katika upepo hakuna nafasi ya kutafsiri. Kiswahili kinatosha: "Gari nyuma!", "Shimo!", "Tuta!", "Ng'ombe!", "Nasimama!" Neno lirudishwe na kila mtu mpaka limfikie wa mwisho. Ishara za mikono ni nzuri wakati wa ukavu, lakini kwenye mteremko wenye maji mikono yote miwili inahitajika kwenye breki.

Kuandaa baiskeli

Anza na breki, na zipe muda kuliko kitu kingine chochote. Breki zinazobana rimu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake zikilowa, na raba zake hulika haraka sana zikichanganyika na mchanga. Kama mifereji ya raba imebaki alama tu, badilisha kabla ya safari. Futa rimu kwa kitambaa chenye spiriti. Waya wa breki uliochanika nyuzi hata mbili ubadilishwe, na mikono ya breki irekebishwe ili ishike mapema, kabla haijakaribia usukani, kwa sababu vidole vyenye ganzi haviwezi kufunga ngumi kabisa. Breki za diski hustahimili maji vizuri zaidi, lakini nazo pedi zake humalizwa na matope. Unene wa pedi ukikaribia milimeta moja, weka mpya na ubebe jozi ya akiba.

Baiskeli nyeusi za mizigo zenye breki za vyuma, zile zinazobeba mikungu ya ndizi nchi nzima, zina uimara usio na shaka na fremu yake itapanda popote ambapo miguu itakubali. Hata hivyo breki zake wakati wa mvua hazitoshi kwa mteremko wa Kanaba. Mwenye baiskeli ya namna hiyo akaribishwe, kwa sharti kwamba sehemu kali za kuteremka atembee kwa miguu au baiskeli yake ipakiwe garini.

Gia ndiyo inayoamua kama mtu atafika juu ameketi au amesimama. Mtu wa kawaida anahitaji gia nyepesi ambayo meno ya mbele yanalingana na ya nyuma au yanazidi kidogo tu, kwa mfano 34 mbele na 32 au 34 nyuma. Baiskeli ya mbio yenye 39 mbele na 25 nyuma itakwenda, lakini itaharibu magoti ya asiyeizoea.

Upepo wa tairi upunguzwe kidogo kuliko siku za ukavu ili mpira ushike lami zaidi. Kwa tairi ya milimeta 28 na mtu wa kilo 70, psi 60 hadi 65 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) zinafaa. Tairi pana za baiskeli ya mlimani hutosheka na psi 30 hadi 35. Gurudumu la mbele lipungue kidogo kuliko la nyuma. Kagua tairi kwa mkono kuzunguka pote na utoe kila kijiwe na kipande cha kioo kilichonasa, kwa maana mpira uliolowa hukatika kwa urahisi na maji huzitelezesha ncha kali ziingie. Madigadi za mbele na nyuma zifungwe hata kama zinaiharibu sura ya baiskeli. Bila madigadi, aliye nyuma yako hunywa maji ya barabarani siku nzima, na kiti chako hulowa kutoka chini.

Cheni isafishwe ikauke, kisha itiwe oili nzito kiasi na ziada ifutwe. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma si za usiku peke yake, kwani ukungu wa asubuhi hufanya dereva wa lori asikuone mpaka akufikie. Rifleketa ya rangi kali juu ya koti ni ya lazima kwa kila mtu.

Nguo

Pamba ni adui. Fulana ya pamba ikilowa hushikilia maji na kuinyonya ngozi joto, na haikauki mpaka jioni. Vaa ndani nguo nyepesi ya nailoni au poliesta inayobana mwili, au sweta jembamba la sufu, kwani sufu huhifadhi joto kiasi hata ikiwa na maji. Masoko ya mitumba ya Kabale na Owino ya Kampala yana nguo za sufu na makoti ya upepo kwa bei ambayo hakuna duka la michezo litakalokupa. Juu yake chukua koti la mvua linaloweza kukunjwa likaingia mfukoni. Koti hilo lisivaliwe wakati wa kupanda isipokuwa mvua imekuwa kubwa, kwa sababu jasho litakulowesha kutoka ndani kama ambavyo mvua ingekulowesha kutoka nje.

Mikono hutangulia kupoa, na mikono ndiyo inayoshika breki. Beba jozi mbili za glovu: moja ya kupandia, nyingine kavu ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) iliyofungwa vizuri, isiyoguswa mpaka kileleni. Glovu za raba za kuoshea vyombo zikivaliwa juu ya glovu nyembamba za sufu huchekesha watu, lakini huzuia upepo na maji kuliko glovu nyingi za bei ghali. Miguuni, vaa soksi, kisha kavera, kisha kiatu. Chini ya helmeti weka kofia nyembamba inayofunika masikio, na uhakikishe kwamba helmeti bado inakaa sawasawa.

Hila ya gazeti wanaijua waendesha baiskeli wa mbio duniani kote. Kurasa kadhaa za gazeti zilizokunjwa na kuingizwa kifuani kati ya fulana na koti huzuia upepo na kunyonya jasho, na zikilowa hutupwa pipani mwisho wa mteremko. Kila mtu abebe gazeti moja zima katika kavera. Ni kifaa chepesi na cha bei ndogo kuliko vyote mtakavyobeba, na mimi huona kina faida kuliko nusu ya vinavyouzwa madukani.

Chakula na kinywaji

Baridi hudanganya kiu. Mtu hutoka jasho mlimani bila kujua, kisha hujikuta kichwa kinamuuma alasiri. Kunywa karibu nusu lita kwa saa, na weka chumvi kidogo na sukari katika chupa moja. Kuhusu chakula, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa kuanzia saa ya kwanza, kabla njaa haijafika. Bogoya (ndizi mbivu tamu) moja kubwa hutoa karibu gramu 30. Kabalagala (chapati ndogo za ndizi), viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, na karanga hubebeka vizuri mfukoni. Roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ni chakula kizuri cha kituoni, lakini mayai na mafuta mengi kabla tu ya mwinuko mkali humrudia mtu. Asubuhi kabla ya kuondoka, katogo (mchanganyiko wa matoke na mboga au nyama) au uji mzito hukaa tumboni kwa saa kadhaa. Bushera, kinywaji cha mtama cha Kigezi, kina wanga na maji kwa pamoja, ilimradi kiwe kile kisichochacha sana.

Kikosi kimoja kibebe chupa ya chai ya moto yenye sukari nyingi, isiyofunguliwa isipokuwa kwa dharura. Vituoni chai ya maziwa inapatikana, na ni adabu kumwamkia mwenye duka kabla ya kujaza baraza lake baiskeli na matope. "Agandi" ya Kikiga hujibiwa "Ni marungi", na baada ya hapo benchi hupatikana lenyewe. Nunueni kitu, hata kama mna chakula chenu.

Kuondoka na kupanda

Jua huchomoza Kabale karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Ondokeni saa moja kamili, taa zikiwaka. Kundi mchanganyiko hupata wastani wa kilomita 15 kwa saa katika njia hii, na kwa hiyo hesabuni saa tano za mwendo na saa mbili za vituo. Mtafika Kisoro karibu saa nane mchana, kabla ya mvua kubwa au katika mwanzo wake. Kila mtu awe na kitambulisho cha taifa, kwa sababu mnakwenda wilaya inayopakana na Rwanda na Kongo na vizuizi vya ukaguzi ni jambo la kawaida. Safari iishie Kisoro. Wazo la kuongeza kipande cha kwenda kugusa mpaka wa Bunagana liachwe mpaka siku ambayo mmeuliza hali ya huko na kujibiwa vizuri.

Nusu saa ya kwanza iendeshwe kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Mwinuko wa kutoka mjini Kabale huwavuta watu waonyeshane ubabe, na walioonyeshana hapo ndio hutembea kwa miguu Echuya. Ingia gia nyepesi kabla ya mlima kuanza, kwa kuwa kubadilisha gia huku ukikanyaga kwa nguvu zote hukata cheni. Kaa kitini, ukisimama kwenye lami yenye maji gurudumu la nyuma hupoteza uzito na kuteleza. Fungua zipu, vua kofia, acha joto litoke. Ukianza kutokwa na jasho sana, punguza mwendo, maana kila tone la jasho la mlimani utalilipia kwenye mteremko.

Endesheni mstari mmoja upande wa kushoto, meta moja hivi kutoka ukingoni, ili mtu awe na nafasi ya kukwepa shimo bila kutumbukia mtaroni. Katika maji, acheni urefu wa baiskeli mbili kati ya mtu na mtu. Malori yanayopanda kwa gia nzito yaachieni yapite. Kung'ang'ania nyuma ya lori ili likuvute ni mchezo unaoonekana sana milimani na haufai kuigwa.

Kileleni na mteremkoni

Hapa ndipo safari yote inapoamuliwa. Kabla ya kufika mwisho wa mwinuko, kwenye kona ya mwisho iliyokingwa na upepo, kikosi kisimame kwa dakika mbili zisizozidi. Vueni glovu zilizolowa na kuvaa zile kavu, ingizeni gazeti kifuani, vaeni koti na kulifunga mpaka shingoni, na kila mtu ale kitu. Aliyesahau glovu zake chini ya mfuko avae za akiba za kikosi na asitafute. Picha za Muhabura, wenye kimo cha meta 4,127, zipigwe baadaye mkiwa chini. Mlima huo hauhami.

Teremkeni mmoja mmoja, mkiachana kwa meta 30 au zaidi. Breki za rimu zikiwa na maji hazishiki katika mzunguko wa kwanza wala wa pili, kwa hiyo zibonyeze kidogo kidogo mapema ili zifute maji, kisha ndipo ubonyeze kwa nguvu. Punguza mwendo wote kabla ya kona, ukiwa umenyooka, na uachilie breki unapoinama. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafla katika kona yenye maji gurudumu la mbele huondoka na hakuna ujuzi wa kulirudisha. Kwenye mteremko mrefu usiburute breki bila kuachilia, kwa sababu rimu hupata moto hadi kuweza kupasua tyubu. Bana, achilia, bana tena, ukiipumzisha. Mguu wa upande wa nje ya kona uwe chini ukiikandamiza pedali, na macho yatazame mwisho wa kona.

Vitu vya kuhofia juu ya lami ni udongo ulioletwa na maji kwenye kona, mavi ya ng'ombe, majani ya mikalitusi yaliyosagwa na magari, mistari ya rangi, na dizeli iliyomwagika, ambayo huonekana kama upinde wa mvua juu ya maji. Kwenye kona usidhani kamwe kwamba upande wako ni mtupu: taksi inayolipita lori linalopanda itakuja katika njia yako. Ukungu ukizidi mpaka usione meta 50 mbele, shukeni na mtembee ukingoni hadi kona itakayofuata. Na mtu yeyote akihisi kwamba vidole vyake havimtii, aseme "Nasimama!" na asimame hapo hapo. Mikono iingizwe kwapani dakika tatu, kisha safari iendelee. Mteremko hauna mashindano.

Baridi ikimshinda mtu

Kutetemeka ni dalili ya kwanza na bado si hatari, mwili unajipasha moto wenyewe. Hatari huanza mtu anapozungumza kwa ulimi mzito, anaposhindwa kufunga zipu yake, anapokuwa mkali au mzubaifu kinyume cha tabia yake, na zaidi ya yote anapoacha kutetemeka ilhali hajapata joto. Huyo safari yake imekwisha siku hiyo, hata akikataa. Mwingizeni ndani ya nyumba au gari, mvueni nguo zote zilizolowa, mkausheni, mfunikeni blanketi mwili na kichwa, na mpeni chai tamu kwa mafunda madogo kama anaweza kumeza vizuri. Msimsugue mikono na miguu, wala msimweke karibu na moto mkali.

Daima atatokea msamaria mwenye kichupa cha waragi. Mshukuruni na mkatae. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku joto la ndani likizidi kutoka. Kama amepoteza fahamu au amechanganyikiwa, pigeni 999 au 112 na mtafute gari bila kusubiri. Kabale kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na upande wa pili kuna hospitali ya Kisoro na ile ya Mutolere iliyo karibu nayo. Karibu na mipaka simu huweza kushika mtandao wa nchi jirani, kwa hiyo chagueni mtandao wenu wenyewe kwenye mipangilio ya simu kabla ya kuondoka.

Pancha na ufundi wa njiani

Kiraka hakishiki kwenye tyubu yenye maji. Badilisheni tyubu nzima na muache kazi ya viraka mpaka jioni; kila mtu abebe tyubu mbili za kipimo chake. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba au kioo, vinginevyo pancha ya pili itafuata baada ya kilomita moja. Anayetengeneza abaki na mwenzake mmoja au wawili, na waliobaki wa kikosi watembeze miguu, wasisimame tu. Spana za pembe sita, vyuma vya kufungulia tairi, kifaa cha kukatia cheni na kiungo cha akiba vinatosha. Kingine chochote kitatatuliwa na fundi baiskeli wa senta iliyo karibu, na mafundi wa Kigezi wana ubunifu wa kutosha kumrudisha mtu barabarani kwa waya na kipande cha mpira.

Kufika

Mjini Kisoro jambo la kwanza ni kubadilisha nguo, kabla ya chai, kabla ya simu na kabla ya kuhesabu nani ameshinda. Mifuko ya nguo kavu itumwe asubuhi kwa basi au gari la kusindikiza hadi kwenye nyumba ya wageni mliyoafikiana. Kiongozi ahesabu watu na asiondoke kwenye baraza mpaka kikosi cha mwisho kimefika. Nauli ya kurudi Kabale na ya kupakia baiskeli juu ya taksi ijadiliwe kabla ya kitu chochote kuinuliwa, na pedali zifunguliwe au zigeuzwe ndani zisitoboe baiskeli ya jirani. Jioni hiyo hiyo, kabla matope hayajakauka, mwagieni baiskeli maji ya ndoo pasipo kutumia mashine ya presha inayosukuma maji ndani ya beringi, futeni cheni na kuitia oili, kisha kagueni raba za breki tena: baada ya siku moja ya mvua na mchanga huenda zimebaki nusu, na wanaorudi kwa baiskeli kesho yake watateremka Echuya kwa kuzitegemea.